Hiace: Gari la mizigo lililogeuzwa basi la wananchi

Na Mwandishi Wetu

KATIKA miji mingi ya Afrika Mashariki, Toyota Hiace ni gari linalojulikana hata kwa mtoto wa shule ya awali. Hata hivyo, si abiria wengi wanaofahamu kwamba jina hilo moja hubebwa na magari ya aina mbili: lililoundwa kiwandani kwa ajili ya watu, na lililoundwa kwa ajili ya mizigo kisha likafungwa viti.

Kwa macho, magari hayo hufanana mno. Tofauti yake hudhihirika siku ya ajali.

Hiace ya kwanza iliingia sokoni nchini Japani mwaka 1967. Waundaji wake waliiweka injini chini ya viti vya mbele, hivyo sehemu yote ya nyuma ikabaki wazi kwa kazi yoyote: kusambaza bidhaa, kubeba abiria au kuhudumia wagonjwa.

Toleo la pili lilitoka mwaka 1977, la tatu 1982, la nne 1989 na la tano 2004. Toleo la sita lilizinduliwa Ufilipino mwaka 2019. Wakati huo Toyota ilisema kwamba ilikwisha kuuza zaidi ya Hiace milioni 6 katika nchi na maeneo yapatayo 150.

Katika ukanda wetu, kila mji ulilipa gari hilo jina lake. Wakazi wa Dar es Salaam waliziita daladala hizo ‘vipanya’, kwa udogo wake mbele ya mabasi mengine. Nchini Kenya, toleo la nne hufahamika kama ‘Shark’, na Waganda huliita la tano ‘drone’.

Kwa nini lina umbo la sanduku

Siri ya umbo hilo imo katika sheria za Japani. Ili gari liandikishwe katika daraja la magari madogo ya mizigo, halipaswi kuzidi urefu wa mita 4.7, upana wa mita 1.7 na kimo cha mita 2.

Hiace ya kawaida ya mwaka 2004 ina urefu wa mita 4.695 na upana wa mita 1.695. Imebakiza milimita 5 tu kila upande wa kipimo ili kufikia ukomo wa sheria. Katika nafasi hiyo finyu, boneti ingekula eneo la mzigo, ndiyo maana dereva huketi karibu kabisa na kioo cha mbele.

Gari la abiria, ambalo kiwanda hulipa jina la Commuter, ni jingine. Lina paa lililoinuliwa, na katika toleo la 2004 urefu wake ni mita 5.38, upana mita 1.88 na kimo karibu mita 2.3. Nchini Japani huandikishwa kubeba watu 14, dereva akiwamo. Viti vyake na mikanda yake hufungwa kiwandani, katika sehemu za bodi zilizoimarishwa kwa kazi hiyo.

Kiti kisicho na mizizi

Magari mengi ya aina hiyo yanayotumika Afrika Mashariki huagizwa Japani yakiwa yamekwisha kutumika. Huko, Hiace za mizigo ni nyingi, kwa kuwa ndizo zinazotumiwa na mafundi, maduka na makampuni. Zikifika kwetu, baadhi hupelekwa gereji, zikafungwa safu za viti na kuingia barabarani kama magari ya abiria.

Hapo ndipo hatari ilipo. Sakafu ya gari la mizigo haikuandaliwa kushikilia viti vya safu tatu au nne vyenye watu. Gari linapogonga kitu likiwa katika mwendo kasi, abiria husukumwa mbele kwa nguvu inayozidi uzito wake mara nyingi. Kiti kilichochomelewa kwenye bati jembamba huweza kung’oka na kuwaangukia walioketi mbele yake.

Afrika Kusini iliionja shubiri hiyo. Hiace ya toleo la tano iliuzwa huko kwa jina la Quantum, na baadaye ikabainika kwamba maelfu ya zile za mizigo zilikuwa zimegeuzwa teksi za abiria kinyume cha sheria. Suala hilo lilichunguzwa hadi na ofisi ya Mlinzi wa Umma wa nchi hiyo.

Kenya nayo, mwaka 2004, ilianza kutekeleza kanuni zilizobeba jina la aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, John Michuki. Matatu zilitakiwa kuwa na mikanda kwa kila abiria na vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa. Mkanda, hata hivyo, huwa na nguvu sawa na mahali ulipofungwa.

Pua mpya, soko la zamani

Toleo la mwaka 2019 lina pua fupi, na injini imesogezwa mbele ya dereva. Mabadiliko hayo huongeza kinga kwa walioketi mbele, ambao katika matoleo ya nyuma magoti yao hutenganishwa na ajali kwa bati na taa tu.

Lakini toleo hilo lina upana wa mita 1.95, hivyo haliingii katika daraja lile la magari madogo. Nchini Japani, Hiace ya umbo la 2004 imeendelea kuuzwa. Kwa kuwa sisi hununua kilichotumika huko, sanduku lile lile litaendelea kutufikia kwa miaka mingi ijayo.

Abiria anayesubiri kituoni anaweza kutazama mambo machache. Je, miguu ya kiti imefungwa kwa boliti au imechomelewa? Je, kila kiti kina mkanda, na mkanda huo umeshikiliwa na nini? Je, safu iliyopangwa watu watatu inakaliwa na wanne?

Kondakta akisema gari ni ‘level siti’, huwa amezungumzia idadi ya watu waliokaa. Kama siti zenyewe zimeshika sakafu, hilo ni la abiria kuuliza na la mkaguzi kuhakikisha kabla gari halijapewa leseni.