Mlango wa chuo kikuu: jinsi rangi ya ngozi ilivyofichwa ndani ya programu ya masomo

Chuo Kikuu cha Serikali kilipofunguliwa Élisabethville mwaka 1956, hakikuwa chuo cha Wazungu peke yao. Mkongo aliruhusiwa kuingia. Lovanium nayo, iliyoanzishwa miaka miwili kabla karibu na Léopoldville chini ya ulezi wa Chuo cha Kikatoliki cha Louvain, ilipokea weusi na weupe. Hata hivyo, katika miaka ya kwanza wengi waliokaa katika madarasa ya Élisabethville walikuwa watoto wa Wazungu, katika jimbo ambamo Wazungu walikuwa wachache mno. Na tulipopata uhuru Juni 1960, Wakongo wenye shahada ya chuo kikuu hawakufika 30, ingawa zaidi ya watoto milioni moja walikuwa katika shule za msingi. Anayetaka kuelewa pengo hilo atapoteza muda akitafuta neno «marufuku» katika kanuni za chuo. Atazame chini zaidi, katika mwaka wa tatu wa shule ya msingi.

Chini ya koloni shule za Wakongo zilikuwa mikononi mwa wamisionari, nao walipata ruzuku ya serikali kwa mapatano ya miaka ya 1920. Shule za watoto wa Wazungu zilifuata programu ya Ubelgiji. Shule zetu zilifuata programu iliyotungwa kwa ajili yetu: kusoma, kuandika, hesabu, dini, kilimo na kazi za mikono. Juu yake kulikuwa na njia fupi za kutoa karani, fundi, mwalimu wa msingi, msaidizi wa mganga. Kila njia iliishia mahali pake, na hakuna iliyofika kwenye diploma ambayo chuo kikuu kingeikubali.

Seminari peke yake ilipanda juu. Stefano Kaoze, mtoto wa Marungu, alipewa upadre Baudouinville (Moba ya leo) mwaka 1917, akawa padre wa kwanza Mkongo wa nyakati hizi. Alikuwa bado mseminari alipochapisha kwa Kifaransa makala juu ya saikolojia ya Wabantu. Joseph Kasa-Vubu naye alisoma falsafa katika seminari ya Kabwe, Kasai. Lakini aliyetoka seminari bila kuwa padre alirudi kutafuta kazi ya ualimu au ya ukarani, kwa sababu miaka yake ya Kilatini na falsafa haikuhesabiwa kuwa shahada. Thomas Kanza, anayetajwa kuwa mlei wa kwanza wa Kongo kupata shahada ya chuo kikuu, aliipata Louvain mwaka 1956. Sophie Kanza, mwanamke wa kwanza, aliipata miaka minane baadaye, Genève. Kwa wasichana shule ya sekondari yenyewe ilichelewa sana, na jambo hilo lingestahili makala yake.

Mageuzi ya 1948 yalileta sekondari ya jumla kwa Wakongo. Hapo ndipo ubaguzi wa rangi ulipoanza kuchanganyika na ubaguzi wa tabaka. Baada ya miaka miwili ya kwanza ya msingi watoto waligawanywa: wengi walikwenda daraja la pili la kawaida, la miaka mitatu, lililowaandaa kwa maisha ya kijijini, wachache walikwenda daraja la pili lililoitwa teule, la miaka minne, lenye Kifaransa kingi zaidi, ndilo lililoelekea sekondari. Mtoto alichujwa akiwa na miaka minane au tisa. Na madarasa hayo teule yalikuwa hasa mijini na kwenye vituo vikubwa vya misheni. Aliyezaliwa mbali na reli alikuwa amekwisha kukosa chuo kikuu kabla hajajua kwamba kuna kitu kama hicho.

Wakati huohuo wachache waliruhusiwa kuingiza watoto wao katika shule za Wazungu. Ilikuwa mlango mwembamba. Akili za mtoto hazikutosha. Afya yake ilipimwa na hali ya nyumba yao ikachunguzwa. Kadi ya sifa za kiraia (1948) na ule uandikishaji wa 1952 vilifuata mantiki hiyo: tume ilikwenda kuona baba anaishi vipi. Mtu alipewa haki akithibitisha kwamba anaishi kama Mzungu, na kuishi hivyo kulihitaji mshahara. Basi ngozi ilipolegezwa kidogo, mfuko ukachukua nafasi yake.

Sisi wa lugha tunaguswa zaidi na jambo jingine. Katanga, Kiswahili kilikuwa lugha ya kazi, ya misheni na ya kambi za Union Minière. Johannes Fabian ameonyesha kwa kirefu jinsi kilivyotumika kama chombo cha utawala. Mtoto wa mfanyakazi alifundishwa kwa Kiswahili kwa sababu alitarajiwa kubaki mtoto wa mfanyakazi. Ndiyo maana wale walioitwa «évolués» walidai Kifaransa shuleni. Leo baadhi yetu huwalaumu kwamba walidharau lugha zao. Naona lawama hiyo haina haki: walikuwa wametambua ufunguo ulikuwa wapi.

Baada ya uhuru, mageuzi ya 1962 yaliweka Kifaransa tangu mwaka wa kwanza. Lugha za taifa zilirudi baadaye katika madarasa ya chini, na sheria ya elimu ya 2014 inazitaja kuwa lugha za kufundishia. Lakini mtihani wa serikali, ambao bila kuufaulu hakuna chuo, unaandikwa kwa Kifaransa. Mtoto aliyesikia Kifaransa mezani kwa wazazi na mtoto aliyekutana nacho ubaoni wanapewa karatasi moja na saa zilezile.

Halafu kuna pesa. Baada ya migomo mirefu ya walimu mwanzoni mwa miaka ya 1990, wazazi walianza kuwalipa walimu wenyewe, na mpango wa muda ukageuka mazoea. Katiba ya 2006 ilitangaza elimu ya msingi bila malipo. Ilianza kutekelezwa kwa upana Septemba 2019. Ni hatua kubwa, watoto wengi walirudi darasani. Ila inaishia pale mchujo unapoanza. Kwa walio wengi sekondari inalipiwa, kushiriki mtihani kunalipiwa, kisha minervali, silabasi, chumba, usafiri. Na programu ya Ubelgiji haikuondoka: Kinshasa na Lubumbashi bado zina shule zinazofuata mitaala ya Ubelgiji na ya Ufaransa. Hazimwulizi mtoto rangi yake. Zinauliza nani atalipa.

Anayefika kwetu kutoka sekondari ya kijijini amepita vichujio hivyo vyote, na bado kimoja kinamngoja. Muulize kwa Kiswahili tofauti ya fonimu na sauti, atakueleza vizuri kwa mifano ya lugha ya mama yake. Mpe swali hilohilo kwa maandishi ya Kifaransa, na pembeni mwa karatasi yake utakuta alama nyekundu juu ya tahajia. Hata kozi ya isimu ya lugha za Kiafrika hufundishwa na kutahiniwa kwa Kifaransa. Sijawahi kusikia baraza la walimu likijadili ni alama ngapi kati ya 20 zinapimia isimu, na ngapi zinapimia nyumba aliyokulia mwanafunzi.