Matope ya Mto Mwekundu na Kauri za Bát Tràng

Mto Mwekundu wa kaskazini ya Vietnam hupata rangi yake kutokana na kutu. Ukianzia katika milima ya Yunnan, kusini-magharibi ya Uchina, mto huu husafiri kiasi cha kilomita 1,150 kabla ya kuingia katika Ghuba ya Tonkin, na njiani huchukua udongo uliojaa oksaidi ya chuma, yaani kitu kile kile kinachoonekana juu ya jembe lililosahauliwa nje wakati wa masika. Hanoi, mji mkuu wa nchi hiyo, umejengwa juu ya mashapo ya mto huo, na jina lake lina maana ya "ndani ya mto". Mfalme Lý Thái Tổ alihamishia makao yake mahali hapo mwaka 1010. Haikutimia hata karne moja, mwaka 1108, ikabidi ujengwe ukingo mkubwa wa udongo ili mafuriko yasiingie mjini. Kingo za namna hiyo zingali zikiulinda mji hadi leo.

Mashua za wageni huondoka asubuhi katika gati la Chương Dương, zikateremka na mkondo kuelekea vijiji vya mafundi, na kurejea jioni. Nyuma yao hubaki daraja la chuma la Long Biên, ambalo Wafaransa walilijenga kati ya 1899 na 1902, na ambalo ndege za Marekani zililipiga mabomu mara nyingi wakati wa vita. Mbele hupitwa madaraja mapya ya zege, Vĩnh Tuy na Thanh Trì. Kwenye kingo huonekana mashamba ya migomba na mahindi yaliyopandwa juu ya mchanga ambao mto waweza kuudai wakati wowote. Ziko mashua zinazokwenda mbali zaidi, hadi kwenye hekalu la Chử Đồng Tử, yule mvuvi fukara wa hadithi aliyemwoa binti mfalme. Lakini kwa mwanafunzi wa sayansi, kituo chenye faida kubwa ni Bát Tràng, kijiji cha wafinyanzi kilichoko ukingo wa kushoto, kiasi cha kilomita 13 kutoka katikati ya mji.

Neno bát lina maana ya bakuli. Kwa mujibu wa mapokeo ya wanakijiji, wahenga wao walitoka Bồ Bát, upande wa kusini, wakaufuata mji mkuu mpya, wakaweka makazi mahali hapo kwa sababu palikuwa na udongo mweupe. Jambo hili lataka kufikiriwa. Kando ya mto uliojaa matope, kwa nini watu watafute udongo mwingine? Sababu ni ile kutu. Chuma kingi, pamoja na madini mengine yaliyomo katika matope, huufanya udongo uanze kuyeyuka mapema: chombo kilichofinyangwa kwa matope ya mto chafaa kuwa tofali au chungu chekundu, lakini kikipata joto la nyuzi sentigredi 1,200 huweza kulegea na kupinda kama mshumaa juani. Udongo mweupe una kaolini nyingi, madini ya alumini, silika na maji yaliyofungamana nayo kikemia, nayo hustahimili joto hilo. Udongo mweupe wa kijijini ulikwisha zamani, na wafinyanzi wakazoea kuuagiza kutoka kwingineko, hasa Trúc Thôn, upande wa mashariki. Mto ukaacha kuwa machimbo, ukabaki kuwa barabara ya kuletea udongo na kuni, na ya kupelekea mabakuli sokoni.

Udongo huo hauwi tayari kwa kazi siku ileile. Kwa desturi ya Bát Tràng hupitishwa katika mabirika manne yaliyojengwa kwa ngazi. Katika la kwanza, lililo juu kuliko yote, huloweshwa kwa miezi kadhaa hadi mabonge yaachane kabisa, kisha hukorogwa ukawa uji mwembamba. Uji huo huteremshwa katika birika la pili, unakoachwa utulie. Takataka za mimea huelea na kuondolewa, mchanga hubaki chini. Birika la tatu ni la kukaushia, na la nne ni la kuulaza udongo kwa muda mrefu ili maji yaenee sawasawa na udongo upate ulaini wa kufinyangika.

Hapo pana fizikia nzuri, ingawa waliobuni mabirika hayo hawakuiandika kwa hesabu. Chembe ndogo inayozama katika maji yaliyotulia huenda kwa mwendo unaolingana na mraba wa kipenyo chake. Chembe ya mchanga mwembamba yenye kipenyo cha milimita 0.02, katika maji ya nyuzi 20, hushuka mita moja kwa muda wa dakika 46 hivi. Chembe ya udongo yenye kipenyo cha sehemu ya kumi ya hicho, milimita 0.002, huhitaji muda mara mia zaidi, yaani saa zipatazo 77, au zaidi ya siku tatu. Birika lililoachwa litulie kwa muda unaofaa latenganisha vitu ambavyo hakuna chekeche la kijijini lingeweza kuvitenganisha.

Mwalimu anayetaka kuwaonyesha wanafunzi jambo hili hahitaji maabara. Atwae chupa ndefu ya kioo, aijaze theluthi moja kwa udongo wa bustani na sehemu iliyobaki kwa maji, aitikise kwa nguvu, kisha aiweke mahali isipoguswa. Mchanga utatulia kabla hajamaliza kueleza. Maji ya juu huenda yakawa bado na ukungu kesho yake, na penye udongo mfinyanzi mwingi hata keshokutwa. Wanafunzi wakipima unene wa kila tabaka kwa rula, watakuwa wameupima udongo wa shule yao.

Kuhusu ufinyangaji wenyewe, mgeni hufurahia kuliona gurudumu likizunguka, na wengi hulipia nafasi ya kuchafua mikono. Kazi kubwa ya siku hizi, hata hivyo, hufanywa kwa kalibu za jasi. Uji wa udongo humiminwa ndani ya kalibu. Jasi, iliyojaa vitundu visivyoonekana kwa macho, hunyonya maji na kuacha gamba la udongo ukutani. Uji uliosalia humwagwa, na chombo kikishakakamaa hutolewa, hupigwa msasa na kuchorwa kwa mkono. Wachoraji hutumia oksaidi ya kobalti, ambayo kabla ya kuchomwa ni unga mweusi usiovutia hata kidogo. Buluu huzaliwa motoni.

Kabla ya kuingia motoni chombo huchovywa katika mchanganyiko wa udongo laini, chokaa, mawe yaliyosagwa na, kwa desturi ya zamani, majivu. Mchanganyiko huu huyeyuka na kuwa utando wa kioo unaoshikamana na udongo. Ukipoa, utando na chombo vyote viwili husinyaa. Utando ukisinyaa zaidi ya chombo, hupasuka nyufa nyembamba kama za tope la bwawa lililokauka. Penginepo hiyo ni kasoro; Bát Tràng waliigeuza kuwa pambo, wakaupima mchanganyiko wao ili nyufa zije kwa makusudi, kisha wakazipaka rangi nyeusi au ya kahawia zipate kuonekana.

Utando huo ukiwa na chuma kidogo, asilimia moja au mbili tu, rangi yake itategemea hewa ya tanuri. Hewa ikiwa tele, hutokea manjano au kahawia. Moto ukinyimwa hewa, kaboni monoksaidi huinyang'anya oksaidi ya chuma sehemu ya oksijeni yake, na hutokea kijani cha maji ya kina. Vile vipande vya kauri ya kijani kutoka Uchina vilivyochimbuliwa katika magofu ya Kilwa na Gedi vilipata rangi yao kwa njia hiyo hiyo.

Basi siri kubwa ilikuwa moto, na kuhusu moto kijiji hiki kimepitia mambo mazito. Zamani kilitumia kuni katika matanuri marefu ya vyumba vilivyofuatana, yenye mapaa ya mviringo kama vibuyu vilivyolazwa. Moja la aina hiyo limehifadhiwa ili wageni walione. Fundi wa moto alichungulia kwenye tundu na kuusoma kwa jicho: wekundu wa giza ni kama nyuzi 700, rangi ya chungwa ni kama 1,000, na manjano yanayoelekea weupe ni 1,200 na zaidi. Kosa moja liliharibu kazi ya miezi. Tangu miaka ya 1970 yakaenea matanuri ya sanduku, madogo na ya bei nafuu, ambayo kila familia iliweza kuyajenga uani mwake. Haya yalikula makaa ya mawe. Makaa yaliyosagwa yalichanganywa na tope, yakafinyangwa kuwa vitumbua vyeusi na kubandikwa juu ya kuta za vichochoro vikauke, hata nyumba zikaonekana kana kwamba zimevaa magamba ya samaki.

Wageni walipenda sana kuzipiga picha kuta hizo. Wakazi walikuwa na habari nyingine. Makaa ya mawe yana salfa, nayo ikiungua hutoa salfa dioksaidi, hewa inayowasha koo na kubana kifua. Pamoja nayo hutoka masizi, na kaboni monoksaidi isiyo na harufu. Matanuri mengi yaliyosongamana katika kijiji kidogo, kila moja likiwaka kwa siku kadhaa mfululizo karibu na vyumba vya kulala, yaliwafanya watu walipie riziki yao kwa mapafu. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 familia zilizojiweza zikahamia kwenye matanuri ya gesi, na zile nyingine zikafuata polepole. Gesi huwaka bila masizi, fundi huongoza joto na hewa kwa kuzungusha vali, vyombo havihitaji tena kufichwa ndani ya majungu mazito ya kuvikinga na majivu, na vinavyoharibika ni vichache. Lakini tanuri la gesi ni ghali, na gesi hununuliwa kwa bei isiyopangwa na kijiji. Hata hivyo, asiyekubali kwamba mabadiliko haya yalikuwa ya heri hajapata kukohoa katika vichochoro vile.

Adui mmoja hajaondoka. Udongo mkavu una silika, na vumbi lake, likivutwa kwa miaka mingi, huleta silikosisi, ugonjwa unaoyakakamaza mapafu na usio na dawa ya kuuponya. Tanuri liwe la kuni au la gesi, vumbi hutoka kwenye msasa na kwenye ufagio. Kinga yake haina gharama kubwa: kusafisha vyombo kwa sifongo yenye maji na kupiga deki sakafu badala ya kuifagia.

Jirani na Bát Tràng kipo kijiji cha Kim Lan, ambacho nacho kilikuwa cha wafinyanzi katika karne za kale. Huko mto ulipokuwa ukiula ukingo, vigae na vyombo vya kale vilianza kuporomoka, na wanakijiji wakaviokota na kuvitunza. Mtaalamu wa mambo ya kale kutoka Japani, Nishimura Masanari, aliwasaidia kuvichunguza, na mwaka 2012 kikafunguliwa chumba cha makumbusho cha kijiji. Mto wenyewe umebadilika. Bwawa la Hòa Bình, lililokamilika mwaka 1994 juu ya kijito chake kikubwa, na lile la Sơn La lililozinduliwa mwaka 2012, huyanasa mashapo, hata yale yanayofika Hanoi yamepungua kwa zaidi ya nusu. Maji yenye upungufu wa mashapo huchimba zaidi kitanda chake, na uchimbaji wa mchanga wa kujengea huongezea. Mashua inaporudi jioni ikipanda mkondo wakati wa kiangazi, nahodha hulazimika kufuata njia nyembamba katikati ya mto, na kwenye kuta za udongo zilizo juu kuliko abiria yaonekana matabaka ya mchanga na tope, moja juu ya jingine, kama yale ya chupa ya darasani.