Kiu katika udongo wenye maji

Wakulima wa Beni, mashariki mwa Kongo, walioona kahawa yao ya robusta ikikauka miaka ya 1990 walikuwa na haki ya kushangaa, kwani mvua ilikuwa ikinyesha. Majani ya upande mmoja yalijikunja, yakageuka kahawia, yakapukutika, kisha ukafuata upande wa pili. Matunda yaliiva kabla ya wakati wake na kukaukia matawini. Miezi michache tu, na mti uliolisha nyumba ukawa kuni.

Ukikwangua gome la mti kama huo karibu na ardhi, utaona ubao wa ndani umeingia madoa ya rangi ya bluu inayokaribia weusi. Hiyo ni trakeomikozi, kazi ya kuvu aitwaye Fusarium xylarioides. Makao yake ni zailemu, mirija inayopandisha maji. Mizizi hufyonza maji, lakini nguvu kubwa ya kuyapandisha hutoka juu: mvuke unapotoka kwenye vitundu vidogo vilivyo chini ya jani, maji yaliyo nyuma yake huvutwa, na mvuto huo hushuka mpaka mzizini. Kuvu akiziba mirija, na mti nao ukiifunga mingine ili kumzuia asisambae, mvuto hukatika. Majani hufa kwa kiu juu ya udongo wenye maji.

Kuna kifo cha pili, nacho huwachanganya wengi. Mbuzi akitafuna gome kuzunguka shina lote, mti hubaki kijani kwa wiki kadhaa na mwenye shamba hudhani umenusurika. Maji bado yanapanda, maana zailemu iko ndani zaidi. Kilichokatika ni floemu, iliyomo kwenye gome, inayoshusha sukari kutoka majanini. Mzizi ulio gizani hauwezi kujitengenezea chakula. Hula akiba yake, na ikiisha huacha kukua na kufyonza madini. Hapo ndipo majani hunyauka. Sukari hiyohiyo hulisha pia kuvu wema wanaoishi mizizini mwa kahawa, nao huuletea mti fosforasi kutoka sehemu za udongo ambazo mzizi wenyewe haufiki.

Ndiyo maana nasisitiza sana juu ya panga na jembe. Shina likichubuliwa wakati wa palizi, Fusarium amefunguliwa mlango. Pitisha panga motoni kabla ya kugusa mti mwingine. Mti mgonjwa ung'olewe na kuchomwa palepale, usiburuzwe katikati ya shamba wala kuuzwa kuni. Najua inauma, kwa sababu kuni ni fedha.

Arabika ya milima ya Butembo ilisalimika, kwani aina ya kuvu iliyoenea Kongo na Uganda hushambulia robusta. Lakini Ethiopia kuna aina nyingine inayoua arabika, basi wa Butembo nao wakague mashina yao. Uganda iliukuta ugonjwa huu mwaka 1993, Bundibugyo ikiwamo, ng'ambo tu ya mpaka na Beni. Baadaye watafiti wa kahawa wa Kituza, nchini humo, wakachagua robusta inayoustahimili.

Wengi wa Beni walihamia kakao, ambayo kuvu huyu haigusi. Hata hivyo shina la kakao lina njia zilezile mbili, na jeraha la panga hapo hukaribisha Phytophthora, ambayo hutia donda kwenye gome na pia kuozesha matunda yakawa meusi.