Lexington katika Miezi ya Vuli

Lexington, mji wa pili kwa ukubwa katika jimbo la Kentucky nchini Marekani, wenye wakazi wapatao 320,000, ni jina lililozoeleka katika nyumba nyingi za Fizi na Baraka, kwa sababu familia nyingi za Kivu Kusini zilizovuka Ziwa Tanganyika kukimbia vita kuanzia mwaka 1996 na kuishi miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, zimehamishiwa huko. Uhamisho huo ulifanyika chini ya mpango wa makazi mapya, yaani utaratibu ambao nchi ya tatu humpokea mkimbizi asiyeweza kurudi kwao wala kubaki daima katika nchi iliyompa hifadhi ya kwanza. Mwaka 2015 Umoja wa Mataifa ulitangaza nia ya kuwahamisha Wakongomani zaidi ya 30,000 kutoka kambi hiyo peke yake, wengi wao wakielekezwa Marekani, na mpango wa Marekani wa kuwapokea wakimbizi ukasimamishwa na serikali ya nchi hiyo mnamo Januari 2025. Habari zinazofika nyumbani kwa simu huwa ni za kazi, kodi ya nyumba na baridi, na mara chache hueleza jinsi wenyeji wa mji ule wanavyokutana, wanavyosherehekea na wanavyowakumbuka wafu wao, ingawa mambo hayo ndiyo yanayomwonyesha mgeni ameingia katika jamii ya namna gani.

Majira yanayoitwa hapa vuli ni kipindi kati ya joto na baridi kuu, kuanzia karibu tarehe 22 Septemba hadi tarehe 21 Desemba, ambapo miti mingi hupukutisha majani. Baraka iko takribani nyuzi nne tu kusini mwa ikweta, hivyo urefu wa mchana haubadiliki sana na mwaka hugawanywa na mvua na kiangazi. Lexington iko nyuzi 38 kaskazini, na mchana wake, ambao mwezi wa Juni hukaribia saa kumi na tano, hupungua hadi kufikia saa tisa na nusu hivi mwezi wa Desemba. Mwanga unapopungua, mti huacha kutengeneza klorofili, yaani ile rangi ya kijani inayousaidia kujitengenezea chakula kutokana na jua, na rangi ya manjano iliyokuwa imefichika ndani ya jani hujitokeza, huku miti mingine ikitengeneza wekundu mpya kabla ya majani kuanguka. Kwa hiyo wakati mkulima wa Fizi anapolima na kupanda kwa mvua za kwanza, mwenzake wa Kentucky anavuna mahindi na soya na kuning'iniza tumbaku ghalani ikauke, na shughuli nyingi za mji katika miezi hii zina chanzo chake katika mavuno hayo. Jambo la pili linalozipa uzito ni kwamba watu wanajua kuwa baada ya majuma machache baridi itawafungia ndani hadi mwezi wa Machi.

Mahali panapostahili kuelezwa kwanza ni uwanja ulioko katikati ya mji, kando ya jengo la zamani la mahakama, ambapo kila Jumamosi asubuhi wakulima wa vijiji vya jirani huuza maboga, matufaha, asali na shira ya mtama, ambayo ni maji matamu ya shina la mtama yaliyokamuliwa na kuchemshwa hadi yakawa mazito. Uwanja huo, uliokuwa ukiitwa Cheapside, ulikuwa katika karne ya 19 mojawapo ya masoko makubwa ya watumwa katika Kentucky, ambapo watu waliuzwa kwa mnada mbele ya mahakama. Sanamu mbili za viongozi waliopigania upande wa wenye watumwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani ziliondolewa hapo Oktoba 2017, na mwaka 2020 uwanja ukapewa jina la Henry A. Tandy, mwashi mashuhuri Mweusi aliyezaliwa utumwani. Msomaji wa pwani ya Tanganyika, ambaye mababu zake walishuhudia misafara ya watumwa ikivuka ziwa kuelekea Ujiji, hahitaji maelezo marefu ili atambue uzito wa kununua boga mahali kama hapo.

Historia hiyo ndiyo inayobeba tamasha la Roots and Heritage, linalofanyika mwezi wa Septemba tangu mwaka 1989 kwa ajili ya mizizi na urithi wa Wamarekani Weusi. Mitaa ya upande wa mashariki wa katikati ya mji hufungwa kwa magari, vikundi vya muziki hupanda jukwaani, wachuuzi hupanga vyakula na nguo, na familia zilizotawanyika katika majimbo mengine hurudi kuonana. Eneo hilo lina ukumbi wa Lyric, uliofunguliwa mwaka 1948 wakati sheria na desturi zilipowatenga Weusi na Weupe katika shule, hoteli na kumbi, ukafungwa mwaka 1963 na kufunguliwa tena mwaka 2010 baada ya kukarabatiwa. Hakuna shughuli nyingine ya vuli inayomfaa zaidi kijana wa Kikongomani anayekulia Lexington, kwa kuwa atahesabiwa na wengine kuwa Mweusi wa Marekani kabla hajafungua kinywa, na ni haki yake kujua historia anayohesabiwa kuwamo.

Lexington hujiita mji mkuu wa farasi duniani, na dai hilo lina msingi. Udongo wa eneo hilo umekaa juu ya mawe ya chokaa, na nyasi zinazoota juu yake husifiwa kwa kujenga mifupa imara ya farasi wa mbio. Uwanja wa Keeneland, ulioanza mashindano yake Oktoba 1936, hufanya mnada mkubwa wa farasi wa umri wa mwaka mmoja kila Septemba, kisha mbio za vuli kwa majuma kama matatu mwezi wa Oktoba. Watu huja wamevaa kama wanaokwenda arusini, na wengine huweka fedha kubashiri farasi atakayeshinda, desturi ambayo wageni wenye kipato kidogo wangefanya vyema kuitazama kwa mbali. Lisilotangazwa vya kutosha ni kwamba wapanda farasi wa kwanza mashuhuri wa Kentucky walikuwa Weusi: katika mbio za kwanza za Kentucky Derby mwaka 1875 wapandaji 13 kati ya 15 walikuwa Weusi, na Isaac Murphy, aliyeishi Lexington, alizishinda mbio hizo mara tatu, mwaka 1884, 1890 na 1891, kabla ubaguzi haujawasukuma wenzake nje ya kazi hiyo.

Chuo Kikuu cha Kentucky, kilichoanzishwa mwaka 1865, nacho huutawala mji siku za Jumamosi, kwa mchezo wa mpira wa Kimarekani unaochezwa zaidi kwa mikono na kwa kugongana. Saa nyingi kabla ya mchezo familia hufika na magari yao, huchoma nyama maegeshoni na kuwakaribisha marafiki, wote wakiwa katika mavazi ya bluu. Mwezi wa Oktoba timu ya mpira wa kikapu, ambayo ndiyo inayopendwa kuliko zote, huanza mazoezi yake mbele ya umati. Vijana wa Kivu hupendelea soka, na tangu mwaka 2023 mji una klabu ya kulipwa ya mchezo huo.

Mwisho wa Oktoba huleta desturi inayowatia wahamiaji wengi mashaka. Tarehe 31, jioni ya Halloween, watoto huvaa sura za kutisha na kupita nyumba kwa nyumba wakiomba peremende, maboga yaliyochongwa macho na meno huwekwa barazani, na siku za karibu na hapo katikati ya mji mamia ya watu waliojipaka rangi za maiti hucheza barabarani kwa wimbo wa Michael Jackson. Makanisa mengi ya wahamiaji huwakataza waumini wao, yakiona humo uchawi. Hofu hiyo inaeleweka, lakini inafaa kupimwa: wazee wa Kibembe wanaokumbuka vyama vya Elanda na Alunga wanajua kwamba kinyago cha kwao kilikuwa na miiko, wenyewe na kiapo, wakati kile cha Halloween hununuliwa dukani na kutupwa kesho yake. Karibu zaidi na moyo wa Mkongomani ni siku ya wafu ya Wameksiko mwanzoni mwa Novemba, ambapo hutengenezwa meza za kumbukumbu zenye picha, maua, mishumaa na chakula alichopenda marehemu. Anayetoka Kongo, ambako tarehe 1 Agosti hutumiwa asubuhi kusafisha makaburi na mchana kuwaheshimu wazazi walio hai, ataielewa mara moja.

Jumapili ya kwanza ya Novemba saa za Lexington hurudishwa nyuma kwa saa moja, na tangu hapo giza huingia wakati wengi wanapotoka kazini. Alhamisi ya nne ya mwezi huo ni siku ya Shukrani, iliyotangazwa kuwa ya taifa zima na Rais Abraham Lincoln mwaka 1863 na kuthibitishwa kwa sheria mwaka 1941. Kiini chake ni mlo mmoja wa ukoo, wenye bata mzinga wa kuokwa, viazi na andazi la boga. Kati ya sikukuu zote za Marekani hii ndiyo inayopokewa kwa urahisi zaidi na watu wa Fizi, kwa kuwa makanisa ya nyumbani yana ibada za mavuno ambapo mihogo, mahindi na ndizi huletwa madhabahuni, na kwa kuwa hakuna anayezuiwa kuweka bugali, sombe na ndakala kando ya huyo bata mzinga.

Kiswahili sasa ni miongoni mwa lugha zinazosemwa zaidi na familia za wanafunzi wa shule za Lexington baada ya Kiingereza na Kihispania, na ibada za Kiswahili hukusanya watu kila Jumapili. Hata hivyo ni jambo la kuhuzunisha kwamba wazee wengi, waliozoea huko Baraka kukaa nje na kusalimiwa na kila mpita njia, hubaki ndani ya nyumba za kupanga kwa kukosa lugha na usafiri, ilhali soko la Jumamosi halina kiingilio na basi la mji hufika katikati. Watoto na wajukuu, ambao shule imekwisha kuwafundisha njia na lugha, wanaweza kuwa viongozi wao. Kizuizi kingine ni kazi: Novemba na Desemba ni miezi ambayo maghala ya bidhaa huwa na shughuli nyingi kuliko wakati wowote, kwa kuwa watu husafirishiana zawadi za Noeli, na wahamiaji walioajiriwa humo huongezewa saa, hata mlo wa Shukrani katika nyumba nyingine ukalazimika kuliwa mchana mapema ili wenye zamu ya usiku wapate kulala kidogo kabla ya kuondoka.