Majua Matatu Asubuhi ya Vita

Mnamo Februari 1461, huko Mortimer's Cross, Uingereza, askari wa Edward wa York walikuwa wakingojea vita walipoona majua matatu mbinguni. Waliingiwa na hofu kuu. Edward, kijana wa miaka 18, yasemekana aliwaambia kuwa hiyo ilikuwa ishara njema ya Utatu Mtakatifu. Basi wakajipa moyo, wakapigana, wakashinda. Na mwezi uliofuata Edward akawa mfalme.

Lakini jua lilikuwa moja tu. Juu sana angani mna mawingu membamba yenye chembe za barafu, nazo ni bapa, zenye pande sita kama tundu la sega la nyuki. Nuru ipitapo ndani yake hupindishwa, ndipo doa ling'aalo huonekana huku na huku kando ya jua, mbali nalo kadiri ya shubiri moja ya mkono ulionyoshwa. Upande uelekeao jua huwa mwekundu.

Ajabu hiyo huonekana hasa asubuhi au jioni, hata katika nchi za joto, kwani huko juu baridi ni kali popote. Atakaye kuitazama na alizibe jua kwa kiganja, asije akadhuru macho yake.