Tansio haina kelele: namna moyo wa mufanyakazi unachoka mbele ya wakati



Mwaka uliopita tulibeba kamaradi mumoja kutoka poste ya usiku. Alikuwa dereva wa kamio kubwa la karieri, mutu wa nguvu, hajafika miaka 50. Saa kumi ya usiku aliita kwa redio, lakini maneno yake yalikwama mudomoni kama ya mutu aliyelewa. Shefu wa poste aliwaza ni lutuku. Akaamuru asimamishe kamio pembeni alale kidogo. Sisi tulipofika, mudomo ulikuwa umevutwa upande mumoja na mukono wa kuume hauinuki. Kwenye dispansere wakamupima: 22 juu ya 13.

Nyumbani watu wakaanza: "Balimuroga, juu alinunua kiwanja." Lakini sisi wajumbe wa sendika tuliomba kuona fishi yake ya visiti ya kila mwaka, bibi yake akiwa pale na akikubali. Mwaka wa kwanza, 16 juu ya 10. Mwaka wa pili, 17 juu ya 11, na pembeni wameandika "ya kufuatwa". Hakuna aliyefuata. Mwaka wa tatu, 13 juu ya 8, muzuri kabisa! Tukauliza bibi: alipona namna gani? Mama akainamisha kichwa. Mume wake alikuwa anaazima vidonge kwa jirani wiki moja mbele ya visiti, akimaliza visiti anaacha. Aliogopa munganga asimuandike "inapte" na kazi ipotee.

Uchawi wa ile nyumba ulikuwa ni huo. Ndiyo sababu tunaandika.

Kwanza tuelewane juu ya zile namba mbili. Munganga akisema "14 juu ya 9", namba ya juu ni nguvu ambayo damu inasukuma ukuta wa mishipa wakati moyo unajikaza. Namba ya chini ni ile inayobaki wakati moyo unapumzika katikati ya mapigo mawili. (Kwenye mashini imeandikwa 140 na 90, ni kitu kimoja.) Kuanzia pale, ikiwa wamekupima siku mbalimbali na inarudilia, ni tansio. Kichwa kinaweza kukosa kuuma. Macho yanaweza kuona vizuri. Shirika la Afya la Dunia, OMS, linahesabu watu wazima karibu miliare 1 na milioni 400 wenye tansio duniani, na karibu nusu yao hawajui kama wako nayo. Kwa hiyo yule anayesema "mi niko bien, kichwa hainiume" hajatuambia kitu juu ya tansio yake.

Sasa, sisi watu wa migodi hatuna lazima ya kitabu kikubwa ili tuelewe inafanya nini. Kila mutu aliyetumika kwenye pompe anajua: ukisukuma maji kwa nguvu kupita ile tiyo iliyopangiwa, tiyo haipasuki siku ya kwanza. Inaliwa pole pole kwa ndani, zaidi kwenye kona na kwenye njia panda. Na mota ya pompe inapata moto. Mwili ni vile vile. Moyo unapiga karibu mara 100,000 kwa siku. Ukisukuma juu ya nguvu kubwa, nyama yake ya upande wa kushoto inanenepa kama mukono wa mubeba mifuko. Mutu anaweza kuwaza kunenepa ni nguvu. Hapana. Moyo munene unakuwa mugumu, haujai damu vizuri, na mwisho unalegea: mutu anakosa pumzi akipanda ngazi, miguu inavimba mangaribi, usiku analala juu ya mito mitatu.

Lakini kuna tofauti moja kati ya tiyo na mushipa, na hapo ndipo watu wengi hawajafika. Tiyo ni chuma, imekufa. Mushipa uko na uhai. Ukuumizwa, unaita musaada.

Ndani ya mushipa kuna ngozi laini sana, nyembamba. Tansio inaichubua, moshi wa tumbako pia, na sukari nyingi ndani ya damu pia. Pale ilipochubuka, mafuta ya damu yanayoitwa kolesteroli yanapenya na kujificha ndani ya ukuta. Mwili unaona ni adui. Unatuma askari wake, zile chembe nyeupe za damu, wakule yale mafuta. Wanakula mpaka wanashiba, wanakufia pale pale, na maiti zao zinaita askari wengine. Hiyo vita ndiyo waganga wanaita enflamasio. Munaijua kwa kidonda cha mwiba: nyama inakuwa nyekundu, inavimba, inapata moto. Ndani ya mushipa inakuwa vile, bila kuuma, miaka na miaka. Inatoka donge la mafuta lenye kifuniko juu yake. Kisha enflamasio inakula kile kifuniko, kinakuwa chembamba. Siku moja kinapasuka. Damu inaganda juu yake kwa dakika chache na kuziba njia. Ikiwa ni mushipa unaolisha moyo, nyama ya moyo inaanza kufa. Ikiwa ni wa ubongo, ni kile kilichofika kwa kamaradi wetu. Ijapokuwa tansio kubwa inaweza pia kupasua mushipa muzima wa ubongo na damu kumwangika.

Na ni muzunguko. Tansio inaumiza ukuta, ukuta uliowaka unakuwa mugumu, haufunguki tena vizuri, na tansio inapanda tena. Figo nazo zinaharibika, na figo iliyoharibika inashikilia chumvi na maji, kwa hiyo tansio inapanda mara ya tatu.

Zamani waganga waliwaza enflamasio ni matokeo tu. Mwaka wa 2017 uchunguzi mumoja mukubwa, wenye wagonjwa zaidi ya 10,000 waliokuwa wamekwisha kupata shida ya moyo, ulionyesha kama ukizima enflamasio kwa dawa ya pekee, bila kugusa kolesteroli, ajali za moyo zinapunguka. Ile dawa ni sindano ya bei kali sana, tena inalegeza ulinzi wa mwili mbele ya mikrobe, kwa hiyo haikuwa dawa ya watu wote. Lakini neno lilithibitika.

Hapa tunaomba musome pole pole, juu ndipo tunaona hatari kubwa kwenye sité zetu. Mutu anaweza kusikia "enflamasio" na kusema: basi nitakunywa diklofenake, si ni dawa ya enflamasio? Hapana, kamaradi! Diklofenake na ibuprofene, zile tunazonunua kwenye kafarmasi ya kona kwa ajili ya mugongo na magoti kisha poste, hazitibu ule moto wa mishipa. Zinafanya kinyume: zinashikilia chumvi na maji, zinapandisha tansio, zinapunguza nguvu ya dawa nyingi za tansio, na kwa kuzitumia sana zinaongeza hatari ya moyo. Mwaka wa 2004 kompanyi ya Merck iliondoa dawa yake ya maumivu Vioxx sokoni dunia nzima kwa sababu hiyo ya moyo, na ilikuwa ya ukoo ule ule. Vilevile zile vidonge vya deksametazone ambavyo wengine wanakunywa ili wanenepe na mashavu yajae: vinapandisha tansio na sukari pamoja. Mugongo ukiuma, waambie waganga una tansio mbele hawajaandika dawa. Usiache mutoto wa kafarmasi akuchagulie.

Watu wanatuuliza pia juu ya kobalti, na ni haki yao. Kuna historia ya kweli ya Quebec, kule Kanada, mwaka wa 1965 na 1966. Wenye kutengeneza pombe walitia chumvi ya kobalti ndani ya bia ili povu likae. Wanywaji wakubwa wakaanza kuanguka na moyo uliolegea; karibu watu 20 walikufa. Walikuwa wanakunywa bia nyingi kila siku na kula vibaya, kwa hiyo haiwezekani kuhamisha ile hesabu moja kwa moja kwa mutu anayepumua vumbi Kolwezi ao Kambove. Tena ule ulikuwa ugonjwa wa nyama ya moyo, hapana wa mishipa. Lakini inatosha ili tudai maski inayofaa na maji ya kuoga mbele ya kurudi nyumbani. Na vumbi lenyewe, hata lisilo na kobalti, pamoja na moshi wa mazuti: vikiingia katika mapafu vinawasha enflamasio, nayo haibaki mapafuni. OMS inahesabu hewa chafu kati ya vitu vinavyoua kwa moyo na kwa ubongo.

Tufike sasa kwenye saa za kazi, juu hapo bakubwa wa kazi hawapendi tuongee. Mwaka wa 2021 OMS na Shirika la Kazi la Dunia walitoa hesabu pamoja: mwaka wa 2016 watu 745,000 walikufa kwa ugonjwa wa moyo ao wa mishipa ya ubongo kwa sababu ya kutumika saa 55 ao zaidi kwa wiki. Anayetumika vile ana hatari ya ubongo inayopita kwa 35 kwa mia ile ya mwenye kutumika saa 35 mpaka 40. Na sheria ya kazi ya inchi yetu, ya mwaka wa 2002, inasema saa 45 kwa wiki. Hesabu poste zako za mwezi uliopita, tia na zile "saa za musaada", kisha uniambie. Usingizi wa muchana na watoto wanalia pembeni haulipi deni la usiku. Mwili usiolala unabaki kwenye tansio ya vita.

Juu ya chakula hatutasema mengi, mama zetu wanajua. Neno moja tu: chumvi. OMS inasema chini ya grama 5 kwa siku, ni kijiko kimoja kidogo cha chai, na ndani yake ihesabiwe ile ya makayabo, ya kube, na ya soseji. Wengine wanasema "sisi tunatoka jasho, lazima tukule chumvi." Jasho linataka maji kwanza, chumvi ya chakula cha kawaida inatosha watu wengi. Makayabo iloweshwe usiku muzima, maji yamwangwe, iloweshwe tena. Bukari na lengalenga, sombe, maharagi, hivyo ni vya kwetu na havina shida. Lutuku na tumbako, munajua.

Na mama mwenye mimba asiache kupimwa. Kisha miezi mitano, kichwa kinachouma sana, macho yenye giza ao uso uliovimba si mambo ya kungoja mpaka Jumatatu.

Kwa dawa: nyingi za kila siku ni za bei ya chini, kama vile amlodipine, na siyo dawa ya kumaliza kama ya malaria. Ukiona 13 juu ya 8 ni dawa inatumika, siyo ugonjwa umekwisha. Hata kushuka kidogo kuna faida. Kutoka 145 mpaka 140 tu, zile ajali kubwa za moyo na ubongo zinapunguka karibu 10 kwa mia. Na mutu akianguka, mudomo umevutwa, mukono hauinuki, maneno yamekwama, ao kifua kimebanwa kama kwa jiwe na jasho la baridi linatoka: lopitalo palepale. Usimupe chakula wala maji, usimutie kidonge chini ya ulimi ili "kushusha tansio", inaweza kushuka kwa gafula na kumuumiza zaidi. Na shefu asiseme ni pombe.

Lakini haya yote ni bure kama mutu anaogopa kupimwa. Hofu ile siyo ujinga. Tumeona wenye kuandikwa "inapte" wakirudishwa nyumbani na barua ya mistari mitatu. Kwa hiyo kwenye meza ya mazungumuzo tumeweka mambo mane: mashini ya kupima kwenye lango ya kila poste, mutu apimwe akiwa ameketi dakika tano, bila sigara, dawa za tansio zipatikane kila mwezi kwenye dispansere, kwa mufanyakazi na jamaa yake, juu sheria inaomba kompanyi itunze afya yao, namba za mutu zibaki kati yake na munganga, na mwenye tansio ahamishwe kwenye kazi ya muchana mbele ya kufikiriwa kwa kufukuzwa. Jambo la kwanza walikubali mara moja, mashini ni bei ndogo. La pili wanasema wanatafuta feza. La tatu tumeandika na kusahihi. La ine, mukubwa wa wafanyakazi alijibu kama "itaangaliwa kesi kwa kesi".

Tulimuonyesha fishi ya yule dereva, tumefunika jina. Aliitazama mara mbili, akaomba wiki mbili. Wiki mbili zinaisha Ijumaa.