Namba ya Homa na Kipimo Chake



Katika nyumba nyingi leo mna kipimajoto. Kingine kimenunuliwa dukani, kingine kimeletwa na jamaa aliyetoka Marekani. Mtoto akishikwa na homa, mama humtia kipimo kwapani, akaisoma namba, akampelekea baba kwa simu. Jambo hili ni jema, lakini namba peke yake haitoshi. Tuwatazame watoto wawili: wa kwanza kipimo chake chasema 101, na wa pili chasema 39. Asiyejua atamkimbilia wa kwanza na kumwacha wa pili alale. Kumbe huyo wa pili ndiye mwenye joto zaidi.

Sababu yake ni kuwa vipimo vitumikavyo majumbani ni viwili. Cha kwanza ni cha Fahrenheit, mzaliwa wa Danzig, aliyekitangaza mwaka 1724. Kwacho maji huganda kwenye 32 na huchemka kwenye 212. Cha pili ni cha Celsius, mwalimu wa elimu ya falaki huko Uppsala, Sweden, aliyekitangaza mwaka 1742. Yeye aliweka 0 pale maji yachemkapo na 100 pale yagandapo. Baadaye ikapinduliwa, ikawa kama tuijuavyo. Wamarekani wangali wakitumia cha Fahrenheit majumbani mwao, na hospitali zetu hutumia cha Celsius.

Sisi Waswahili hatuna taabu ya kulifahamu jambo hili. Saa zetu twazihesabu tangu kucha na tangu kuchwa, na Waingereza huzihesabu tangu usiku wa manane na adhuhuri. Saa mbili yetu ni saa nane yao, na wakati ni uleule. Vipimo vya joto navyo vina mianzo mbalimbali. Juu ya hayo, hatua zake si sawa, kama shibiri na dhiraa: mwenye kupima kwa shibiri hupata hesabu kubwa zaidi, na kitambaa ni kilekile. Hatua 5 za Celsius ni sawa na hatua 9 za Fahrenheit.

Basi hesabu yake ni hii. Kutoka Fahrenheit kwenda Celsius, toa 32 kwanza, kisha zidisha kwa 5, ugawe kwa 9. Katika 101 ukitoa 32 hubaki 69. Mara 5 ni 345. Ukigawa kwa 9 ni 38 na theluthi. Kurudi, zidisha kwa 9, gawa kwa 5, ndipo uongeze 32. Kwa hiyo 39 ya Celsius ni 102.2 ya Fahrenheit. Sasa watoto wale wawili wamepimwa kwa mizani moja.

Enyi vijana, jihadharini na kosa moja. Mkiambiwa homa imepanda kwa digrii 2 za Celsius, msiongeze 32, kwani hapa haiulizwi imefika wapi, bali imezidi kiasi gani. Ni digrii 3.6 za Fahrenheit, basi.

Ama wazazi, yafaa wahifadhi namba tatu: 37 ni 98.6, joto la kawaida la mwili. 38 ni 100.4, ndipo homa huhesabiwa. Na 40 ni 104, homa kali. Mtoto mchanga aliye chini ya miezi mitatu akifikia 38, apelekwe hospitali mara moja. Na mtoto aliyelegea, au anayekataa kunyonya, asingojewe namba yo yote.

Mwenyezi Mungu katika Sura ya Ar-Rahman ametuamrisha kusimamisha mizani kwa uadilifu. Wengi hudhani amri hiyo yawahusu wenye maduka tu. Lakini namba apelekewayo daktari nayo ni kipimo, na mtoto ni amana mikononi mwetu. Basi kila tuandikapo namba ya homa, tuangalie herufi iliyo pembeni mwake, C au F, nasi tuiandike pamoja nayo.

Wa billahi tawfiq.